Mavi ya chuma mahali pa sima, na vipovu vya hewa ndani ya beto

Mavi ya chuma ni mabaki yanayoelea juu wakati jiwe la chuma linayeyushwa katika tanuru kubwa. Yakipozwa haraka kwa maji yanakuwa punje kama mchanga. Yakisagwa laini kabisa, yanashika nafasi ya sehemu ya sima, mara nyingi asilimia 30 mpaka 50. Beto yake haichemki sana, na inastahimili maji ya chumvi. Lakini inakomaa polepole: inaomba kumwagiliwa siku nyingi zaidi, na mbao zisitolewe mbio.

Katika inchi za baridi kali kama Kanada, beto inatiwa dawa ya kuzalisha vipovu vya chini ya milimita 1, ili maji yakiganda yapate nafasi. Unga huu ukiwa laini kuliko sima, mara nyingi dawa inaongezwa. Vipovu vinapotea pia njiani, ao beto ikitetemeshwa kupita kiasi. Ndiyo maana hewa inapimwa pale pale pa kumwaga.

Goma, Bukavu na Bunia hakuna baridi ya namna hiyo. Dawa haina kazi. Huku hewa ni adui: kila asilimia 1 inayobaki kwa beto isiyoshindiliwa inaweza kupunguza nguvu kwa karibu asilimia 5.

Tena, ule mlima mweusi wa Lubumbashi ni mavi ya shaba na kobalti, si ya chuma. Fundi asiyatie mahali pa sima kwa kubahatisha.