Hipnosisi: Je, inaweza kurudisha kumbukumbu zilizopotea?

Watu wengi wakisikia neno hipnosisi humfikiria mtu wa jukwaani anayepunga saa mbele ya macho ya mwenzake mpaka huyo mwenzake anasinzia na kutii kila anachoambiwa. Hospitalini mambo ni tofauti. Hipnosisi ni njia ya matibabu iliyochunguzwa na madaktari kwa zaidi ya miaka 200, na kwa baadhi ya maradhi inasaidia. Hata hivyo, inapotumiwa kufukua kumbukumbu za mambo machungu, inaweza kumdhuru mgonjwa, na mtu asiye na hatia anaweza kushitakiwa.

Hipnosisi ni nini hasa?

Ni hali ya utulivu ambayo mtu huelekeza fikra zake zote kwenye jambo moja na kupokea kwa wepesi maelekezo ya anayemwongoza. Kwa kawaida mtaalamu humwambia mgonjwa akae vizuri, afumbe macho, asikilize pumzi zake na avute picha fulani akilini. Kisha humpa maelekezo, kwa mfano kwamba mkono wake unakuwa mzito au maumivu yanapungua.

Huo si usingizi. Mtu anasikia, anaelewa, na anaweza kufumbua macho na kuondoka. Watu pia hawalingani: wachache huingia kwa urahisi sana, wachache hawaingii kabisa, na walio wengi wako katikati.

Ilianzia wapi?

Katika karne ya 18, daktari Franz Anton Mesmer alidai kuwa mwilini mna nguvu ya sumaku, na kwamba anaweza kuielekeza ili kuponya. Mjini Paris alipata wafuasi wengi. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa, Louis wa 16, aliunda tume iliyowajumuisha Benjamin Franklin na mwanakemia Antoine Lavoisier. Tume ilibaini kwamba sumaku hiyo haipo, na kwamba kilichowabadilisha wagonjwa ni mawazo na matarajio yao wenyewe.

Neno hipnosisi lilienezwa na James Braid, daktari mpasuaji kutoka Scotland aliyefanya kazi Manchester, katika miaka ya 1840. Alilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Baadaye Jean-Martin Charcot aliitumia katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ambako Sigmund Freud alikwenda kujifunza mwaka 1885. Freud aliitumia kuwatibu wagonjwa wake, kisha akaiacha.

Lakini wazo moja la wakati huo lilibaki: kwamba jambo baya lililompata mtu linaweza kufichika akilini, likamuumiza kwa siri, na kwamba akilikumbuka atapona.

Je, kumbukumbu hufanya kazi hivyo?

Utafiti wa miongo mingi unaonyesha kuwa kumbukumbu haihifadhiwi kama mkanda wa redio unaoweza kurudishwa nyuma na kusikilizwa upya. Kila tunapokumbuka, akili huliunda tukio upya kwa vipande ilivyonavyo, na penye pengo hujaza kwa yale tunayoyajua, tuliyoyasikia au tunayoyatarajia.

Mwaka 1995 mwanasaikolojia wa Marekani Elizabeth Loftus na mwenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwa watu 24. Kila mmoja alipewa visa vinne vya utotoni. Vitatu vilikuwa vya kweli, vilivyotolewa na jamaa zake. Cha nne, cha kupotea dukani akiwa mtoto, kilikuwa cha kubuni. Takriban robo yao walisema wanakikumbuka kisa hicho cha kubuni, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Hakuna aliyewekwa katika hipnosisi. Maswali na maelezo ya kuelekeza yalitosha.

Hipnosisi huongeza hatari hiyo. Mtu aliye katika hali hiyo hutoa maelezo mengi zaidi, ya kweli na yasiyo ya kweli, na kisha huyaamini yote kwa nguvu. Anaposimulia huwa hasemi uongo. Anaamini anachokisema, na hata anayemsikiliza hawezi kutofautisha.

Mahakama zinasemaje?

Wanaotetea hipnosisi hutaja kisa cha Chowchilla, California. Mwezi Julai 1976, basi la shule lenye watoto 26 na dereva wao lilitekwa, na wote wakafungiwa ndani ya lori lililofukiwa kwenye machimbo ya mawe. Walifanikiwa kutoka. Baadaye, katika hipnosisi, dereva alikumbuka sehemu kubwa ya namba za gari moja la watekaji.

Namba ya gari, hata hivyo, inaweza kuhakikiwa kwenye rekodi za usajili. Tukio la miaka 20 iliyopita lililotokea chumbani bila shahidi ni gumu kuhakikiwa. Ndiyo maana mwaka 1985 jopo la Chama cha Madaktari cha Marekani lilionya kwamba kumbukumbu zinazopatikana kwa hipnosisi zinaweza kuchanganyika na mambo ya kubuni, na haziaminiki zaidi ya kumbukumbu za kawaida. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Canada iliamua, katika kesi ya mauaji, kwamba kwa kawaida ushahidi wa aina hiyo usikubaliwe.

Hii haina maana kwamba wanaosimulia ukatili waliotendewa wasiaminiwe. Manusura wengi hawajasahau. Shida yao ni kwamba tukio linawarudia mchana na usiku hata wasipotaka. Tena wapo wanaokumbuka wenyewe baada ya miaka mingi. Kumhoji manusura kwa hipnosisi kunaweza kuharibu ushahidi wake wa kweli na kumpa mtuhumiwa upenyo wa kuupinga.

Basi hipnosisi inasaidia wapi?

Inasaidia zaidi katika maumivu na wasiwasi, kwa mfano wakati wa kusafishwa vidonda vya moto au kabla ya upasuaji. Nchini Uingereza, miongozo ya afya inaitaja kwa wagonjwa wa tumbo linalosokota na kujaa gesi bila vipimo kuonyesha sababu, endapo dawa za mwaka mzima hazikuwasaidia. Katika hali zote hizo, hakuna anayetafuta kumbukumbu.

Kwa maradhi yatokanayo na kiwewe, Shirika la Afya Duniani, WHO, katika miongozo yake ya mwaka 2013 lilipendekeza tiba za mazungumzo zinazomsaidia mtu kuyakabili mawazo na kumbukumbu alizonazo tayari.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, watafiti waliwafundisha wakimbizi kuwa washauri wa wenzao. Wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia walishiriki. Kundi moja lilisaidiwa kusimulia maisha yao kwa mpangilio tangu kuzaliwa, kwa mema na mabaya, na jingine lilipata ushauri wa kawaida wa kiwewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa kuliko wale waliofuatiliwa tu bila tiba. Hakuna aliyehitaji kufukuliwa jambo alilolisahau.

Ufanye nini ukishauriwa kutibiwa kwa hipnosisi?

Uliza kwanza kama anayekutibu ni daktari, muuguzi au mwanasaikolojia aliyesajiliwa, kwa kuwa cheti cha hipnosisi peke yake hakimfanyi mtu kuwa mtaalamu wa afya ya akili. Uliza pia lengo ni nini. Akikuambia kwamba dalili zako zinathibitisha ulitendewa jambo usilolikumbuka, na kwamba atalitoa, tafuta ushauri kwingine. Ikiwa umewahi kusikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, mwambie daktari wako kabla ya kuanza.

Na kama wewe ni shahidi au mlalamikaji katika kesi, toa maelezo yako polisi na uzungumze na wakili kabla ya kukubali hipnosisi ya aina yoyote.