Kodi ya kichwa au kodi ya mapato? Mjadala wa kale unaoishi Annexe

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili: kodi ambayo mpangaji humlipa mwenye nyumba, na kodi ambayo raia huilipa serikali. Katika Annexe, komini iliyo pana kuliko zote saba za Lubumbashi, kodi hizo mbili hukutana ndani ya lupango mmoja. Mwenye nyumba akishapokea pesa ya pango, serikali nayo inadai fungu lake. Je, inachotoza ni ardhi, ni nyumba, au ni mtu aliyepata? Wanasheria wameumiza vichwa kwa swali hilo miaka mingi. Hapa Katanga wazee wetu walilijibu kwa jasho.

Amri ya tarehe 18 Novemba 1903 ya Dola Huru ya Kongo, mali ya Mfalme Leopold II, ilimdai mwenyeji saa 40 za kazi kila mwezi. Kwenye karatasi iliitwa kodi. Ubelgiji ilipoitwaa nchi mwaka 1908, iliahidi kubadilisha mambo, na amri ya 2 Mei 1910 ikaagiza kodi ya wenyeji ilipwe kwa faranga: kila mwanamume mzima mwenye nguvu, na mwenye wake wengi akiongezewa. Faranga zingetoka wapi? Mwaka huo huo reli ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na Union Minière, iliyoundwa 1906, ilikuwa na njaa ya vibarua. Aliyetaka kulipa kodi alishika njia ya mgodini. Kwa maoni yangu faranga ziliendeleza kazi ya zile saa 40. Kodi isiyouliza umepata nini ni kodi ya kichwa, hata ipewe jina gani.

Wakati huo huko Ulaya walikuwa wanabishana juu ya kipato chenyewe. Ufaransa mwaka 1917, kisha Ubelgiji kwa sheria ya 29 Oktoba 1919, ziliamua kuyagawa mapato mafungu mafungu, kila fungu na kanuni yake. Wabelgiji waliuacha mtindo huo mwaka 1962, wakayajumlisha mapato yote ya mtu. Kongo huru ikaushika: sheria ya 10 Februari 1969, namba 69-009, iliweka mafungu matatu, yaani pango la nyumba, faida ya mitaji kama hisa na mikopo, na mapato ya kazi, mshahara na faida ya biashara zikiwemo. Mwalimu mwenye nyumba mbili za kupangisha alihesabiwa kana kwamba ni watu wawili.

Fungu la pango ndilo lenye utata mkubwa. Mwaka 1895, katika kesi ya Pollock, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kutoza pango ni sawa na kutoza ardhi yenyewe. Ikabidi katiba yao irekebishwe mwaka 1913 ndipo kodi ya mapato isimame. Kwetu, pango liliandikwa ndani ya sheria ya mapato, kwa kiwango cha 22%, lakini pesa yake ikapewa majimbo pamoja na kodi ya ardhi. Kwa sheria kodi ya pango inamfuata mtu. Kwa mfuko inaifuata ardhi. Ndiyo maana anayeidai huko Annexe ni jimbo la Haut-Katanga.

Kuna pia suala la jina. Enzi za Zaïre serikali iliacha kusema kodi, ikasema mchango, na ofisi iliyoundwa 1988 ikabeba jina hilo hadi 2003, ilipozaliwa Direction Générale des Impôts. Mchango si neno jepesi. Tunachanga kwenye matanga na harusi, na kila aliyechanga huona pesa yake imefanya nini. Serikali iliyochagua neno hilo ilijifunga kwa raia kuliko ilivyokusudia, nami nasikitika limeachwa.

Katiba ya 18 Februari 2006 ilibakiza deni hilo la serikali kwa raia. Ibara ya 174 inasema hakuna kodi isiyowekwa na sheria, na kwamba kuchangia gharama za umma ni wajibu wa kila anayeishi nchini. Ndugu yangu wa Annexe, yeyote atakayebisha hodi kwako kudai kodi, mwombe kwanza akuonyeshe sheria inayomtuma, na ukilipa usimwache aondoke bila kukupa risiti.