Benki, mazingira na pampu za Nanighi

Vigezo vya mazingira, jamii na utawala ni maswali ambayo benki hujiuliza kabla ya kutoa mkopo mkubwa: mradi utaharibu nini, utamhamisha nani, na nani atajibu mambo yakienda kombo? Nchini Kenya, chama cha mabenki kilitoa kanuni zake mwaka 2015. Oktoba 2021 Benki Kuu ikazitaka benki zipime hatari za tabianchi katika mikopo yao, na mwezi uliofuata Soko la Hisa la Nairobi likatoa mwongozo wa kuripoti mambo hayo. Kwetu Pwani wazo hili si geni. Tangu zamani twajua fedha ina halali na haramu yake.

Anayetaka kuona uzito wa maswali hayo, mimi humwelekeza Nanighi, ukingoni mwa Mto Tana. Huko ndiko zilikowekwa pampu za dizeli za kuvuta maji kwenda Skimu ya Bura, iliyokopewa fedha Benki ya Dunia mwaka 1977. Mpango ulikuwa kunyunyizia hekta 6,700. Zikapatikana kama 2,500. Maji yote yalitegemea dizeli na vipuri, na pampu ikizima, pamba yakauka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 skimu ilikuwa hoi.

Kuna na hili la kuni. Walowezi walihitaji za kupikia, na msitu wa kando ya mto ulikuwa hatarini, basi katika miaka hiyo hiyo ya 1980 ukaletwa mathenge. Mti ukashika. Leo waziba malka, zile njia za mifugo kushukia mtoni, na mwenye kuhangaika ni mfugaji ambaye hakutia sahihi mkopo wowote. Gharama hiyo sijaiona kwenye hesabu ya benki yoyote.

Kwa hivyo mradi mpya ukija, tusiishie kuuliza ajira ni ngapi. Tuulize tathmini ya athari kwa mazingira iko wapi, malka zimepangiwa wapi, na nani mkopeshaji. Ripoti kamili ikifika NEMA, umma hupewa siku 30 za kutoa maoni. Kwa mtu wa Nanighi, ripoti nene ya Kiingereza haisomeki kwa siku hizo. Adai ufupisho kwa Kiswahili, na usomwe barazani.