Tabibu wa Karema na Dawa za Miti

Magharibi ya Mpanda, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ndipo ilipo Karema. Huko alifika mwaka 1889 Adrien Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, kisha akasomeshwa utabibu kisiwani Malta. Alitibu watu papo hapo hata akafariki, mwaka 1956. Ingawa alikuwa na dawa za Ulaya, hakuidharau mizizi ya wenyeji, bali aliichunguza.

Sisi walimu tulizoea kumchanganya mganga wa miti shamba na mpiga ramli, tukiwakemea wote kwa neno moja, "uchawi". Neno hilo limetupotezea mengi: wazee walinyamaza, na majina ya miti yakazikwa nao. Ramli ni ramli; gome ni gome.

Walakini jina nalo lapenda kujisifu. Mwarobaini husemwa kuwa huponya maradhi arobaini na kuupa mwili nguvu ya kujikinga. Nao si mti wa miombo yetu, asili yake ni Bara Hindi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imewatambua waganga hawa. Atakayewauliza, na aandike pia sehemu itumiwayo na kipimo chake, maana mafuta ya mbegu za mwarobaini yamepata kuwadhuru watoto wachanga.