Fumbo, Istilahi na Ngonjera: Kipimo cha Kauli Tupu

Kiswahili hakina uhaba wa majina ya maneno matupu. Mtu hupiga porojo, hupayuka, hubwabwaja, huropoka, na kila kitenzi kina kosa lake: anayeropoka ametoa yasiyopaswa kutoka, anayebwabwaja amesema mengi yasiyoshikana. Ila majina hayo karibu yote yanamhusu msemaji na kinywa chake. Waraka wenye nembo na muhuri huyakwepa, ilhali humo ndimo kauli tupu zinamoleta madhara makubwa zaidi.

Mitaani Tanzania, wananchi wamepata jina linaloufikia hata waraka: ngonjera. Mathias Mnyampala aliikuza ngonjera kama ushairi wa majibizano, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikawa chombo cha kuenezea siasa ya Ujamaa shuleni na mikutanoni. Leo anayeambiwa "acha ngonjera" anashutumiwa kwa kurudia ahadi zilizokaririwa. Kwa Mnyampala huo ni uonevu, kwani ngonjera zake zilikuwa na hoja na mpinzani wa hoja. Lakini shutuma yenyewe naiona ya haki: watu waliozoea watoto kukariri beti mbele ya mgeni rasmi wanaitambua upesi kauli inayotolewa kwa sababu tu zamu yake imefika.

Wahakiki wengi wa lugha ya ofisini hulaumu ugumu wa msamiati. Sikubaliani nao. "Usanisinuru" ni neno gumu, lakini mwanafunzi akishaelezwa mara moja jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, neno hilo humtumikia maisha yake yote. Fumbo nalo ni gumu kwa makusudi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alitunga mashairi ya kisiasa yaliyofumbwa sana, na wenzake waliyafumbua kwa kuwa ndani yake mlikuwa na jambo. Fumbo humheshimu msikilizaji. Linamtarajia awe na akili ya kulifumbua.

Kipimo ninachokipendekeza, basi, ni hiki: je, kauli ikifumbuliwa inabaki na dai ambalo mtu anaweza kulihakiki na kulikuta la kweli au la uongo? Tuchukue sentensi ya aina tunayoisikia kila wiki: "Tupo kwenye mchakato wa kuhakikisha changamoto ya maji inatafutiwa ufumbuzi wa kudumu." Hakuna neno gumu hapo. Tatizo limo katika sarufi. "Inatafutiwa" ina kauli ya kutendewa, kwa hiyo mtafutaji ametoweka. "Mchakato" hautajwi ulianza lini wala utaisha lini. "Changamoto", neno lililokusudiwa kutaja jambo la kumtia mtu ari, limefunika ukweli kwamba bomba halitoi maji. Mwaka ujao, maji yawepo au yasiwepo, sentensi hiyo haitakuwa imesema uongo. Mwanakijiji anayeshika ndoo hana pa kuikamatia. Nayo imeandikwa na mtu msomi, anayejua vyema kuandika "Mhandisi wa wilaya atabadilisha pampu kabla ya Juni", lakini hataki tarehe hiyo imfuate.

Lugha ya sheria inahitaji kutazamwa peke yake. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania, na kazi ya kuandika sheria kwa Kiswahili ni kubwa. Humo tunakuta maneno kama "bila kuathiri ujumla wa kifungu kidogo cha (1)". Msomaji wa kawaida hukwama. Wapo wanaoiita hiyo nayo ngonjera. Kwa kipimo changu si ngonjera, kwa kuwa kuna maana kamili ndani yake na wakili anaweza kuitoa. Kosa lake ni kwamba muundo wake ni wa Kiingereza kilichovishwa Kiswahili, na dawa yake ni kuandika upya: "Orodha ifuatayo haipunguzi upana wa kifungu kidogo cha (1)." Mwandishi wa sheria anaweza kufanya hivyo mezani pake leo. Ile sentensi ya maji haiandikiki upya hadi aliyeitoa akubali kutaja nani atafanya nini, na lini.