Noble Johnson, muigizaji aliyefungua kompanyi ya filme ya watu weusi

Noble Johnson, Mmarekani mweusi, alizaliwa 1881. Kwa kuwa alikuwa maji ya kunde, wazungu walimchezesha hata kama Muhindi mwekundu. Mwaka 1916 yeye na wenzake wakaanzisha Lincoln Motion Picture Company huko Los Angeles, ili mtu mweusi aonekane injinia ao askari, si wa kuchekwa tu. Mdogo wake George, mfanyakazi wa posta, ndiye alitafutia filme hizo majumba ya sinema. Zikavuta watu. Kufwatana na George, hapo Universal, iliyomlipa Noble mshahara, ikamwambia achague. Akaacha Lincoln 1918. Mshahara ni mshahara. Kompanyi ilifunga 1923. Katika King Kong ya 1933, yule chefu wa kisiwa ni yeye.