Jicho la Athena

Sarafu ya drahma nne ya Athens, inayoonekana British Museum jijini London na katika makumbusho mengine mengi, ina takriban gramu 17 za fedha, nyingi yake ikiwa imechimbwa katika migodi ya Laurion. Upande mmoja kuna kichwa cha mungu Athena, upande wa pili bundi, kitawi cha mzeituni na herufi tatu za jina la mji. Uso wa Athena umechorwa kwa upande, ilhali jicho linakutazama moja kwa moja, mtindo wa karne ya 6 KK. Lakini nyingi kati ya sarafu hizi zilipigwa chapa baada ya mwaka 450 KK, wachongaji wa mji huohuo walipokuwa wakilipamba hekalu la Parthenon. Wapo wanaosema jicho hilo la kale lilibaki kwa sababu ya haraka tu, maana sarafu zilihitajika kwa wingi mno. Haraka inaeleza kwa nini kishungi cha kofia ya Athena mara nyingi hukosekana ukingoni. Haielezi jicho, kwani jicho la upande halimchukui fundi muda zaidi. Naamini liliachwa makusudi, ili mfanyabiashara wa ng'ambo aliyeizoea sura ile asiitilie shaka. Riale ya Maria Theresa, iliyotumika hata Zanzibar, iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka 1780 muda mrefu baada ya malkia huyo kufa, kwa sababu kama hiyo.

Pingamizi zito zaidi limo kwenye sarafu zenyewe. Nyingi zilizopatikana Misri na Shamu zina mkato wa patasi: mtu alitaka kuhakikisha kwamba ndani hamna shaba iliyovikwa fedha. Je, basi kilichoaminiwa si madini tu, sura ikawa pambo? Hapana. Huko huko Misri zilipigwa sarafu za kuiga, zenye bundi yuleyule, nyingine hata na herufi za Athens. Anayejali uzito peke yake hana haja ya kunakili jina la mji wa watu. Na mwaka 375/374 KK Athens ilipitisha sheria ya Nikophon: mkaguzi akae sokoni, aikate sarafu yenye shaba au risasi ndani, na kila muuzaji apokee ile iliyothibitishwa na mkaguzi. Mkaguzi huyo alikuwa mtumwa wa umma. Asipokaa mahali pake au asipokagua ipasavyo, sheria iliamuru achapwe viboko 50.